HOMA YA KIDINGAPOPO: Namna ya Kuitambua, Kumwuguza Mgonjwa na Kujikinga

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za ugonjwa mmoja ambao wengi wetu tumesikia jina lake, lakini ni wachache wawezao kuutambua ukiingia nyumbani. Ugonjwa huo ni homa ya kidingapopo, ambayo katika hospitali huitwa pia homa ya dengue.

Katika nchi yetu mtu akishikwa na homa, neno la kwanza atamkalo ni malaria. Wala si ajabu, kwa kuwa malaria ni adui wa siku nyingi na amechukua watu wengi. Walakini si kila homa ni malaria. Mara nyingine mgonjwa hupimwa damu na kuambiwa kuwa vidudu vya malaria havikuonekana, naye hurudi nyumbani akinung'unika kuwa kipimo ni kibovu, kisha hununua dawa ya malaria dukani na kuimeza. Huko ni kukosea mara mbili: kwanza ameikataa habari aliyopewa, pili ameacha kuutafuta ugonjwa ulio ndani yake. Basi yafaa tujifunze.

JINA LAKE NA HABARI ZA ZAMANI

Msidhani kuwa kidingapopo ni ugonjwa mgeni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1870 homa kubwa ilienea Unguja, ikawaangusha watu wa kila namna, matajiri kwa maskini. Daktari mmoja aliyekaa huko, James Christie, aliandika habari zake, naye alielezwa na wazee kuwa homa kama hiyo iliwahi kufika zamani, yapata mwaka wa 1823. Watu wa Unguja waliiita kidinga pepo, maana ilimkamata mtu kwa ghafula na kumkaza viungo kama kwamba amepandwa na pepo. Wataalamu wengi hudhani kuwa neno dengue, linalotumika leo duniani kote, limetoka katika jina hilo la Kiswahili, likavuka bahari mpaka visiwa vya Amerika.

Kuna na ndugu wa homa hiyo ambaye hana budi kutajwa. Mwaka wa 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea katika nyanda za juu za Wamakonde, upande wa Newala, kusini ya nchi yetu. Wagonjwa walikuwa hawawezi kunyoka, wakatembea wamepinda migongo. Ndipo ugonjwa huo ulipopata jina la chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kitu kipindacho. Chikungunya na kidingapopo huletwa na mbu wa namna moja na dalili zake hufanana, hata wataalamu wa baadaye wameona kuwa baadhi ya homa za zamani zilizodhaniwa kidingapopo, ile ya Unguja ya mwaka wa 1870 ikiwa mojawapo, huenda zilikuwa chikungunya.

Katika miaka yetu hii kidingapopo imerudi kwa nguvu. Mwaka wa 2014 ilienea Dar es Salaam, na wagonjwa zaidi ya 1,000 walithibitishwa. Mwaka wa 2019 ilirudi tena, ikafika na mikoa mingine, Tanga na Pwani ikiwamo, na wagonjwa waliothibitishwa walizidi 6,000. Duniani kote, katika mwaka wa 2024 peke yake, wagonjwa zaidi ya milioni 14 waliandikwa. Basi huu si ugonjwa mdogo.

MBU AULETAYE

Kidingapopo huletwa na virusi, yaani kidudu kidogo mno kisichoweza kuonekana kwa macho. Kidudu hicho hakipiti kwa pumzi, wala kwa kugusana, wala kwa kula chombo kimoja. Huchukuliwa na mbu jike, ambaye wataalamu humwita Aedes. Mbu huyo akimwuma mgonjwa hunyonya damu yenye virusi, na baada ya siku 8 hadi 12 hivi huweza kumwambukiza kila mtu amwumaye, mpaka mwisho wa maisha yake.

Tumlinganishe na mbu wa malaria, ili msomaji apate kumjua. Mbu wa malaria huuma usiku, watu wakiwa wamelala. Mbu wa kidingapopo huuma mchana, na hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza, na tena jioni kabla ya jua kuchwa. Mbu wa malaria hupenda kuzaa katika madimbwi na vinamasi. Mbu wa kidingapopo hupenda maji yaliyotulia katika vyombo karibu na nyumba za watu. Naye ni mweusi mwenye madoa meupe, na miguu yake ina mistari meupe kama bangili. Haruki mbali, mara nyingi huishi na kufa karibu na nyumba ile ile aliyozaliwa. Kwa hiyo mbu akuumaye barazani asubuhi, yamkini amezaliwa katika pipa lako au la jirani yako.

Tena yafaa kujua desturi ya mayai yake. Mbu huyu hayatagi juu ya maji kama wengine, bali huyabandika moja moja katika ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya maji yalipofika. Chombo kikikauka mayai hayafi. Huweza kungoja miezi kadhaa. Siku mvua inyeshapo na maji kuyafikia, huanguliwa, yakawa viluwiluwi, kisha mabuu, kisha mbu. Mahali penye joto kazi hiyo yote huchukua siku 8 hadi 10 hivi. Mahali pa baridi huchukua zaidi. Basi mtu amwagaye maji ya pipa pasipo kulisugua amefanya nusu ya kazi, maana ameyaacha mayai ukutani yakingoja maji mengine.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU UFIPA

Huenda msomaji wa Sumbawanga atasema, "Hiyo ni homa ya pwani. Sisi tunakaa juu, kwenye baridi." Ni kweli kwamba mji wa Sumbawanga uko juu yapata meta 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Ufipa humchelewesha mbu kukua. Huo ni msaada tuliopewa na Mungu, nasi twashukuru. Walakini tusiufanye kuwa mto wa kulalia, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba mkoa wa Rukwa si nyanda za juu peke yake. Ukishuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze, Mtowisa na Ilemba, unafika bonde la ziwa Rukwa, ambako ni yapata meta 800 tu. Na upande wa magharibi, Kasanga, Kipili na Kirando, vijiji vya pwani ya ziwa Tanganyika viko chini vile vile, na joto lake wenyeji wanalijua. Mtu huweza kupata chai ya asubuhi amejifunika blanketi Sumbawanga, na adhuhuri akawa Muze akitafuta kivuli. Baridi yetu haiwalindi jamaa zetu walio mabondeni.

Sababu ya pili ni safari. Zamani mtu aliyetoka pwani kuja Ufipa alikaa njiani siku nyingi, hata ugonjwa wa homa ukampata na kumwisha kabla hajafika. Siku hizi kuna barabara ya lami kutoka Tunduma mpaka Sumbawanga, na basi huleta watu kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Mtu aliyeumwa na mbu mwenye virusi haugui siku ile ile. Homa humwanza baada ya siku 4 hadi 10. Basi huweza kupanda basi akiwa mzima, akafika kwao akiwa mzima, na kuugua akiwa mikononi mwa mama yake. Na mbu wa kijijini wakimwuma siku hizo, wao ndio watakaoupeleka ugonjwa kwa jirani.

DALILI ZAKE

Wengine huambukizwa wasione lo lote, au wakapata homa ndogo tu. Lakini yule anayeugua huanza kwa ghafula. Homa hupanda sana, pengine kufika nyuzi 40. Kichwa humwuma, hasa kwenye paji la uso, na nyuma ya macho huhisi maumivu, hata kuyageuza macho ni taabu. Viungo, misuli na mgongo humwuma kama aliyepigwa. Hupata kichefuchefu, hutapika, hukosa hamu ya chakula. Baada ya siku chache wengine hutokwa na vipele au wekundu wa ngozi, ijapokuwa katika ngozi nyeusi si rahisi kuvitambua. Mtazame mgonjwa mahali penye mwanga, na umwulize kama anawashwa. Homa hukaa siku 2 hadi 7.

Dalili hizi zafanana na za malaria, na hapana mtu awezaye kuzitenganisha kwa kutazama tu. Kwa hiyo kila mwenye homa apelekwe kwenye zahanati apimwe malaria kwanza, maana malaria ina dawa yake nayo huua upesi. Ikionekana ni malaria, ameze dawa na kuimaliza. Isipoonekana, amweleze mganga safari zake: alitoka wapi, lini, na kama huko watu walikuwa wakiugua. Habari hiyo humsaidia mganga kuliko maneno mengi. Tena mjue kuwa mtu mmoja huweza kuwa na malaria na kidingapopo pamoja. Kwa hiyo mwenye malaria asipopata nafuu, au akionyesha dalili za hatari, arudi tena.

SIKU YA HATARI

Hapa ndipo penye jambo tunalotaka kila msomaji alishike, hata akiyasahau mengine yote. Katika magonjwa mengi homa ikishuka ni dalili ya kupona. Katika kidingapopo, kwa wagonjwa wengine, homa ikishuka ndipo hatari huanza.

Tulieleze kwa mfano tuliotunga kwa ajili ya mafundisho. Tuseme kuna kijana wa kijiji kimoja kilicho chini ya Lyamba lya Mfipa, aliyepeleka maharage Dar es Salaam kuyauza. Alirudi kwao Jumanne usiku, na Alhamisi akashikwa na homa kali. Alipimwa katika zahanati, na malaria haikuonekana. Mganga alimpa panadol, akamwamuru anywe maji mengi na arudi kutazamwa. Ndugu yake akaenda dukani kununua aspirini ili kumtuliza maumivu, lakini mwalimu wa shule, jirani yao, akamkataza.

Jumatatu homa ikashuka. Bibi yake akafurahi, akasema, "Mjukuu wangu amepona," na watu wakarudi shambani. Lakini Jumanne asubuhi kijana akaanza kulalamika tumbo. Akatapika mara tatu, ufizi wake ukatoka damu, mikono na miguu ikawa baridi, naye akawa amelegea, hataki kusema. Hapo maneno yakawa mengi. Mmoja akasema amelogwa na wale walioona wivu kwa fedha za maharage. Mjomba wake akasema wangoje mpaka kesho, kwa kuwa nauli ya kupanda mlima ni kubwa na kijana hana homa tena. Mwalimu akawaambia, "Ndugu zangu, kukosa homa kwake ndiko kunakonitia hofu. Tukingoja kesho tutabeba maiti." Wakakubali. Wakampakia katika gari, wakamfikisha hospitali mchana ule ule, akatiwa maji katika mshipa kwa kipimo. Siku ya tatu akaomba uji. Basi kijana huyo aliokolewa na nini? Aliokolewa na mtu mmoja kijijini aliyejua kuwa homa iliyoshuka si lazima iwe ugonjwa uliokwisha.

Sababu yake ni hii. Katika siku ya 3 hadi ya 7 ya ugonjwa, mishipa midogo ya damu ya wagonjwa wengine hulegea, na maji ya damu huvuja kupitia mishipa hiyo, mfano wa mtungi mpya utoao jasho. Damu inayobaki huwa nzito na kidogo, haiwezi kufika vizuri viungoni. Pamoja na hayo zile chembe sahani zinazosaidia damu kuganda hupungua, ndiyo maana ufizi au pua hutoka damu. Hatari hiyo hukaa siku 1 hadi 2 tu. Akivushwa siku hizo, mgonjwa kwa kawaida hupona.

Basi dalili za hatari ni hizi:

1. Maumivu makali ya tumbo yasiyokoma.
2. Kutapika mara kwa mara, hata maji hayakai tumboni.
3. Kutoka damu puani au katika ufizi, kutapika damu, choo chenye damu au cheusi kama lami.
4. Kupumua upesi upesi au kwa shida.
5. Kulegea mno, kusinzia, au kuhangaika bila kutulia.
6. Mikono na miguu kuwa baridi, na ngozi kupauka.
7. Kupata kiu kali, au kukaa saa 6 bila kukojoa.

Mgonjwa akionyesha hata moja katika hizi, apelekwe hospitali saa ile ile, ikiwa ni usiku au mchana. Tena wako watu wasiopaswa kungojewa hata dalili hizi, bali watazamwe na mganga tangu mwanzo: watoto wachanga, wanawake wenye mimba, wazee, na wenye ugonjwa wa kisukari. Kadhalika na yule aliyewahi kuugua kidingapopo. Virusi hivi viko vya namna nne. Aliyeugua namna moja hukingwa na namna ile, lakini akipatwa na namna nyingine huweza kuugua vibaya kuliko mara ya kwanza.

KUMWUGUZA MGONJWA NYUMBANI

Hakuna dawa iuayo virusi vya kidingapopo. Wengi hupona kwa kutunzwa vema, nao utunzaji wenyewe hauhitaji fedha nyingi.

Mgonjwa apumzike. Anywe vitu vya majimaji mara kwa mara, kidogo kidogo: maji yaliyochemshwa, uji mwepesi wa ulezi, maji ya matunda, na maji ya chumvi maalumu yatolewayo zahanati, ambayo pakiti yake huchanganywa na lita moja ya maji safi. Usimpe vinywaji vyekundu, kwa maana akitapika hutajua kama ni kinywaji ama ni damu. Mkojo ndio kipimo chako: akikojoa angalau kila saa 4 hadi 6, na mkojo ukiwa mweupe, maji yanamtosha. Mwanafunzi yeyote ajuaye kusoma saa aweza kuandika kwenye karatasi saa alizokunywa, saa alizokojoa na saa alizotapika, na karatasi hiyo ikipelekwa kwa mganga ni msaada mkubwa.

Kwa homa na maumivu apewe panadol kwa kipimo alichoandikiwa na mganga, na kati ya dozi na dozi zipite saa zisizopungua 6. Asizidishe kwa kuwa maumivu ni makali, maana panadol ikizidi huharibu ini. Mwili ufutwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu.

Dawa za kukatazwa kabisa ni aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na zote za jamii hiyo, kwa kuwa huifanya damu isigande, nazo huweza kumtokesha damu tumboni mtu ambaye damu yake imekwisha kudhoofika. Mwenye duka la dawa naye asiuze dawa hizo kwa mtu mwenye homa isiyojulikana. Sindano za mitaani zisichomwe. Wala mtu asitundikiwe maji ya mshipa nyumbani, maana maji yakizidi hujaa mapafuni na kumsonga mgonjwa. Kazi hiyo ni ya mganga mwenye vipimo. Habari za majani ya mpapai na miti mingine zimeenea sana. Hatutaki kugombana na mtu kwa ajili ya majani, lakini twasema wazi: asiyachukue kuwa badala ya kwenda hospitali.

Jambo la mwisho la kuuguza ni chandarua. Mgonjwa alale ndani ya chandarua usiku na mchana muda wote wa homa, na siku 2 zaidi baada ya homa kwisha. Chandarua hiki si kwa ajili yake tu, bali ni kwa ajili ya nyumba nzima, kusudi mbu wasimwume wakauchukua ugonjwa. Baada ya kupona mtu huweza kubaki mchovu kwa majuma kadhaa. Asilaumiwe kuwa ni mvivu, wala asirudishwe kwenye jembe kabla ya nguvu zake.

KAZI YA KIJIJI NA YA SHULE

Kinga yetu kubwa ni moja: kumnyima mbu mahali pa kuzaa. Chanjo zimeanza kutumika katika nchi kadhaa, lakini hakuna chanjo iwezayo kumwondolea mtu wajibu wa kufunika mtungi wake.

Kila nyumba itazame vyombo vyake. Mitungi, ndoo, mapipa na matangi ya maji yafunikwe barabara, na kila juma yamwagwe na kusuguliwa ndani kwa brashi au kwa mchanga na majani makavu. Vinu viachwavyo nje vilazwe kifudifudi. Vigae, makopo na chupa vifukiwe. Matairi makuukuu, ambayo mbu huyapenda kuliko vyote, yaondolewe au yatobolewe maji yatoke. Wenye karakana za magari na baiskeli mjini Sumbawanga, Laela, Namanyere na Matai waliangalie sana neno hili. Wavuvi wa ziwa Tanganyika na Rukwa wapindue mitumbwi yao mikuukuu iliyopandishwa pwani, maana hujaa maji ya mvua. Maji ya kunywesha kuku yabadilishwe kila siku.

Siku ya usafi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini mbu hangoji mwisho wa mwezi. Tumekwisha kusema kuwa mahali pa joto hukua kwa siku 8 hadi 10. Basi katika mwezi mmoja huweza kupata vizazi viwili au vitatu kati ya usafi na usafi. Kwa hiyo wenyeviti wa vitongoji wachague siku moja ya kila juma, nusu saa tu, kuanzia mvua za Novemba mpaka Aprili zinapokwisha na majuma machache baadaye.

Waalimu wana kazi mbili. Ya kwanza ni kufundisha kwa macho: mtieni mtoto viluwiluwi katika chupa ya kioo, mfunge mdomo wake kwa kitambaa, awaone wakigeuka mbu, hatasahau maisha yake yote. Ya pili ni kuitazama daftari ya mahudhurio. Mara nyingi shule ndiyo ijuayo mapema kuliko wote kuwa homa imeingia kijijini, kwa kuwa viti huanza kuwa vitupu. Watoto watano wa kitongoji kimoja wakikosa shule kwa homa katika juma moja, mwalimu asingoje. Ampelekee habari mtendaji wa kijiji na mganga wa zahanati siku ile ile.

Na kwenu wazee na machifu twaomba neno moja. Homa ipitayo kutoka nyumba hata nyumba huleta masingizio, na masingizio yameua watu wengi wasio na hatia, hasa vikongwe. Mji wetu mkuu unaitwa Sumbawanga, na wenyeji hueleza maana yake kuwa ni "tupa uchawi". Hapana mahali pafaapo zaidi kulitimiza jina hilo. Mtu akisimama barazani kumtaja mchawi, mwulizeni kwanza kama amefunua pipa lake na kutazama ndani. Neno la mzee aheshimiwaye, likisemwa mapema, huzuia mambo ambayo hakuna hakimu awezaye kuyarudisha.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni kopo lililoachwa uani na pipa lisilo na kifuniko. Tuuzibe leo, kabla mvua hazijaanza.

MASWALI YA KUJIPIMA

Waalimu waweza kuwauliza wanafunzi wao, na wazee kuulizana barazani:

1. Mbu wa kidingapopo huuma saa gani, na huzaa wapi?
2. Kwa nini haitoshi kumwaga maji ya pipa bila kulisugua?
3. Mgonjwa ambaye homa yake imeshuka jana, leo anatapika na tumbo lamwuma. Utafanya nini, na kwa nini?
4. Taja dawa tatu zisizofaa kwa mgonjwa huyu, na ueleze madhara yake.
5. Kwa nini mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana?
6. Katika kijiji chako, taja vyombo vitano vinavyoweza kuhifadhi maji ya mvua. Umevitazama leo?